Athi Haikuwa Mto

Mwaitu Mutheu,

Nakuita mwaitu, mama yangu, kwa sababu ulipewa jina la aliyenizaa, na kwa sababu ukiitwa hivyo huwa unatulia ukasikiliza. Sasa ni jioni, jua bado liko upande wa machimbo ya mawe, na wewe na mama yako mko nje mnabishana juu ya godoro, kama likunjwe au lifungwe vile lilivyo. Ningetoka nikuambie haya kwa mdomo. Lakini nikianza utacheka, na ukicheka mimi nami nacheka, na maneno yanaishia hapo. Kwa hivyo nimechukua karatasi, maana karatasi haijui kucheka.

Sitakuandikia habari ya unga, wala ya kufunga mlango, wala ya marafiki. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na ninavyomjua atayasema tena kesho ukiwa umeshaketi kwenye gari. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile bomba la kule Gataka unakohamia.

Jumamosi tulipoenda kuiona ile nyumba uliipenda kabla hujaingia ndani. Sikulaumu. Chumba chako mwenyewe nyuma ya nyumba ya mawe ya shosho, yule mama mzee anayekupangisha, ua umefagiwa, geti linafungwa, na ile shule ya chekechea utakayofundisha iko karibu kiasi cha kusikia kengele yake. Wewe ulikuwa unapima kwa macho mahali pa kuweka kitanda. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Soketi iliyo karibu na dirisha imeungua kandokando mpaka imekuwa rangi ya chai. Waya wa stima unatoka nyumba kubwa, unapita juu ya kamba ya nguo, unaingia kwako kwa tundu lililozibwa na gazeti. Nikauliza meinswichi, ile swichi kuu ya kukata stima yote, iko wapi. Shosho akasema iko kwake, ndani ya stoo, na stoo hufungwa kwa kufuli kwa sababu ya wajukuu.

Halafu nikaingia bafuni, nikaona ile shawa ya stima ya kupasha maji, nikashika bomba lililo chini yake. Likaniuma. Nikavuta mkono, na shosho akaniona.

"Hiyo ni kidogo tu, Baba Mutheu," akasema. "Inagusa tu hivi. Hata mimi nikioga navaa slipas."

Nawe ukacheka, ukamwambia, "Usijali, shosho. Hata kwetu iko hivyo. Mimi nimezoea."

Mama, tangu Jumamosi neno hilo halijanitoka kichwani. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni ya kumwambia yule mama mzee, maneno makali hata, nawe ukayafunga yote kwa kicheko kimoja. Ningemwambia nini? Kwamba nyumba yake ni hatari, na binti yangu ametoka kusema yangu ni kama hiyo hiyo? Nikauliza habari ya tangi la maji, kama mtu aliyekuja kuangalia matangi.

Unaijua hadithi ya stima ya nyumba hii, lakini unaijua kama kichekesho, kwa sababu ndivyo tulivyokusimulia. Ngoja niisimulie tena bila kuchekesha, nione kama nitaweza.

Tulipojenga hapa Kitengela ilikuwa vyumba viwili tu, na mawe niliyachonga mwenyewe. Stima ilipofika mtaa huu kila mtu alitaka taa kabla ya Krismasi, na mimi sikutaka kuwa wa mwisho. Fundi akaja, akaweka waya, akaweka swichi. Siku ya mwisho akaleta kile chuma kirefu cha rangi ya shaba kinachopigiliwa ardhini, ili stima ikipotea njia iende chini badala ya kupita kwa mtu. Mafundi hukiita athi. Akakipiga nyundo, kikapita ule udongo mweusi, kikafika kwenye mwamba, kikagoma. Kilikuwa kimeingia kiasi cha kiganja.

"Mzee, hapa chini ni mawe matupu," akaniambia. "Nikate?"

Sasa fikiria. Mimi kazi yangu ilikuwa kupasua mwamba. Niliamka kila siku kwenda kuupasua mwamba wa watu wengine, na nyundo na patasi zangu zilikuwa zimelala pale pale mlangoni. Nikamwambia, "Kata. Bora kichwa kionekane." Akakikata kwa msumeno, akafunga waya kwenye kile kipande, na wenye kuja kukagua wakaona kichwa cha chuma kimesimama ardhini vizuri kabisa. Hakuna aliyeuliza kimeenda chini kiasi gani. Krismasi tukawa na taa. Baadaye nikaongeza vyumba, kimoja baada ya kingine, na kila kipya kilivuta stima kutoka kwa ndugu yake mkubwa, kwa waya ule ule mwembamba.

Masika bomba la bafuni lilikaa kimya. Kiangazi kikija, udongo unapasuka, na bomba linaanza kuuma. Nikamuuliza yule fundi, akaniambia ni ukavu tu, nimwagie kile chuma maji. Nikaona ni jambo rahisi. Nikakupa wewe kazi hiyo.

Ulikuwa mdogo sana. Ulinisikia nikisema athi, athi, ukadhani nasema ule mto, Athi, ambao tulikuwa tunauvuka tukienda Nairobi. Ukamwambia mama yako kwamba stima yetu inateremka mpaka Athi River, na ikifika kiangazi mto unakauka, ndiyo maana stima inarudi nyumbani na hasira. Tulicheka mpaka nikatoa machozi. Nilikwenda kuwasimulia watu wa machimbo. Hakuna aliyekuambia kwamba athi haikuwa mto. Tulikuacha ubebe maji ya nguo kwa ndoo yako ndogo kila jioni, ukaimwagie stima, na ukimaliza unaipigapiga kwa kiganja ile ardhi kama unamtuliza ng'ombe. Mgeni akija nilikuita uonyeshe.

Baba Naserian, jirani yetu aliyetuuzia hiki kiwanja, alikuja siku moja akasimama pale na fimbo yake. Alisalimia, sopa, nikaitika, halafu akaninyooshea mahali. "Rafiki, mbuzi zangu zimekataa kupita hapa. Zinazunguka. Kuna kitu hapa chini." Nikamwambia mbuzi wake wana maringo. Mbuzi walikuwa wameelewa, mwenye nyumba alikuwa anafanya mzaha.

Halafu ukaja ule mwaka wa ukame, mambo ambayo mama yako hapendi yasemwe. Nilikuwa machimboni. Mama yako alikuwa anafua bafuni, sakafu imejaa maji, akashika bomba kulifungua, nalo likamshika. Hakuweza kuachilia. Ameniambia kwamba aliona mkono wake kama si wake. Alijaribu kukuita, na neno lililotoka lilikuwa moja tu, "Stima." Ulilisikia. Ukafanya lile ulilofundishwa. Ukachukua ndoo yako, ukachota maji kwenye pipa, ukakimbia kwenda kuyamwaga pale kwenye chuma. Alipoita tena ukaenda kuleta mengine. Jirani mmoja ndiye aliyekuona ukikimbia na ndoo huku unalia, lakini hata yeye hakujua la kufanya, na ile meinswichi nilikuwa nimeiweka juu sana ya mlango ili mtoto asiifikie.

Unajua kilichomwokoa mama yako? Stima ilipotea. Mtaa mzima. Ile stima kupotea ambayo tunalalamika kila siku, siku hiyo ilipotea wakati mtu wangu ameshikwa, na bomba likamwachilia akaanguka. Hakuna aliyeikata. Hakuna aliyefanya lolote la maana nyumba nzima. Vile vidole viwili vya mkono wake wa kulia ambavyo havinyooki, ambavyo huwa unamtania navyo akishindwa kufungua chupa, ndiyo mabaki ya siku ile.

Kwa miaka mingi nimekuwa nataka kukuambia kitu na sikujua pa kuanzia. Ulikaa siku kadhaa bila kuongea baada ya pale. Ulimuuliza shangazi yako kama ulileta maji kidogo. Mutheu, hukuleta maji kidogo. Maji hayakuwa dawa. Hata ungemwaga mto mzima wa Athi usingemtoa mama yako kwenye lile bomba. Hukukosa chochote. Niliyekufundisha ndoo ni mimi.

Na baada ya hapo, unajua nilifanya nini? Hapa ndipo ninapoona haya zaidi kuliko pale pa chuma. Mtu mwenye akili angeita fundi mwingine, angechimba, angebomoa hata ukuta. Mimi nilienda sokoni nikanunua patipati za mpira, jozi mbili, nikaziweka mlangoni mwa bafu. Nikatoa amri kwamba hakuna kuingia bila patipati. Nikajiona nimetatua. Tulisema ajali haina kinga, tukaenda kanisani tukashukuru, tukaendelea. Kumbe ile ilikuwa na kinga, tena kinga ilikuwa imelala mlangoni pamoja na nyundo yangu.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikukunja ungali mbichi, lakini nilikukunja vibaya. Nilikufundisha kwamba stima ni kitu kinachouma kidogo, mtu anavaa patipati anaoga. Mtoto aliyekulia nyumba isiyouma angeshika lile bomba la Gataka angepiga kelele na kukimbia. Wewe ulicheka. Sasa hofu yote nimebaki nayo mimi, na mimi siendi Gataka.

Usidhani nimekaa tu. Jumatatu nilileta fundi kutoka Kajiado, mwenye leseni, ndiye yule kijana uliyemkuta akinywa chai ukauliza ni nani nikakuambia ni mtu wa tangi. Alipima kwa mashine yake, akatikisa kichwa. Alisema waya za nyumba hii zimezeeka, nyingine ngozi yake inabomoka ukiigusa. Alisema katika vyumba vyote vya nyuma hakuna waya wa tatu, ule wa athi, hata mmoja, kwa hivyo zile soketi za matundu matatu ni pambo. Alisema inatakiwa swichi ya kujikata yenyewe mara stima inapovuja, hata ikivuja kidogo, kabla mtu hajajua. Na kile chuma ama tutoboe mwamba kwa mashine, ama tuchimbe mtaro mrefu tukilaze ndani pamoja na vingine viwili. Nikamwambia mtaro nitachimba mwenyewe. Nikachukua sururu. Unajua kifua changu kilivyo tangu vumbi la machimbo liniingie. Sikufika hata urefu wa kitanda, nikaketi kwenye udongo, na mama yako akanitoa sururu mkononi.

Kwa hivyo nimefanya ninachoweza, ambacho ni kidogo. Nimemwambia yule kijana aikate kabisa stima ya bafuni. Mama yako sasa anapasha maji kwenye jiko na kunung'unika, na mimi nafurahi akinung'unika. Yaliyobaki tutayafanya pole pole, chumba baada ya chumba, vile tulivyoyaharibu. Lakini hiyo ni nyumba yangu. Ile ya Gataka siwezi kuigusa hata kwa sururu.

Nilimpigia shosho simu Jumanne. Najua umeambiwa. Nilimwomba kwa heshima, nikamwita mama, nikamwambia nitamleta fundi mimi mwenyewe aangalie tu. Akaniambia, "Baba Mutheu, hii nyumba mzee wangu alijenga na mikono yake. Imekaa miaka hiyo yote na hakuna mtu amekufa hapa." Kila neno alilosema niliwahi kulisema mimi hapa nyumbani, hata lile la mikono yake. Halafu akaongeza kwa upole kabisa kwamba kama msichana anaona shida, kuna wengine wanaongojea hicho chumba.

Na jioni hiyo ukaja ukasimama mlangoni. "Baba, unanichomea picha kwa huyu shosho. Ataona niko na maneno mingi hata sijahamia. Wacha tu. Niko sawa."

Nikasema sawa. Wewe ni mtu mzima, una kazi, shule inafunguliwa Jumatatu, na chumba kingine cha kufika kwa miguu hukupata ingawa ulitafuta. Ningekukataza ungetii, hilo nalijua, na ungepoteza kazi yako ya kwanza kwa sababu ya bomba ambalo umelizoea maisha yako yote. Tena ungesema moyoni kwamba mzee ameanza kuogopa vitu. Siwezi kukukataza na siwezi kukuruhusu. Nimekaa katikati, na hapa katikati hapafai kukaa mtu.

Nitakuomba tu. Oga kwa karai. Najua, ulisubiri kuwa na shawa yako mwenyewe, na walimu wenzako watakucheka. Pasha maji kwa jiko la gesi, beba, oga, na ile shawa iache hapo ukutani kama picha. Ukishindwa, na najua asubuhi moja ya baridi utashindwa, basi izime kwanza kwenye swichi yake ya ukutani kabla mkono wako haujagusa bomba, kila mara, hata ukiwa umechelewa. Usichomeke jiko la stima wala pasi kwenye ile soketi ya dirishani. Mwombe shosho ufunguo wa stoo, ama angalau ujue anauficha wapi akienda shamba. Na ukimwona mtu ameshikwa na stima, usimshike na usimwage maji. Kata stima. Kama huwezi kuikata, msukume kwa mti mkavu. Mimi nilikuwa na mtoto aliyekuwa na ndoo na sikumwambia haya.

Nimeyasoma niliyoandika nikaona hayatoshi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobadilisha waya unaopita juu ya kamba ya nguo. Ukiingia bafuni kwako kule utafunga mlango, kama kila mtu anavyofunga, na ukishaufunga hakuna mtu yeyote duniani atakayejua kinachotokea ndani mpaka utoke. Mama yako anasema nimwachie Mungu. Ninamwachia, halafu narudi kumnyang'anya.

Kuna hili moja la mwisho na halihitaji fundi. Uliniambia utakuwa unanipigia kila jioni ukitoka kazini. Usinipigie ukitoka kazini. Ukitoka kazini pumzika, kula, fanya mambo yako. Nipigie ukishaoga. Hata kama huna la kusema, hata kama umechoka, sema tu "Baba" halafu ukate, mimi nitakuwa nimeelewa. Lakini mama, siku ambayo hutaki kuongea na mimi, siku ambayo nimekuudhi, siku hiyo usioge.

Baba yako,
Mutua